Je, Neno Lililokosewa Laweza Kurudishwa?



Tumfikirie mtu mmoja, mlinzi wa ghala ya kahawa katika kijiji cha milimani. Ameshika ufunguo wa ghala miaka 12, wala hakuna mkulima aliyepungukiwa hata kilo moja kwa mkono wake. Siku moja gazeti la mjini lapiga chapa habari yake katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene: magunia 10 ya kahawa yamepotea, naye mlinzi ndiye aliyeyala. Gazeti lafika kijijini, lasomwa barazani kwa sauti, na kabla ya jua kuchwa hakuna nyumba ambayo haijasikia. Kesho yake mke wa mlinzi ashukapo kisimani, wanawake wenziwe wananyamaza. Watoto wake wanaitwa shuleni watoto wa mwizi.

Majuma 2 yapita. Karani wa mizani afungua daftari lake, na kumbe! magunia yale 10 yalikuwa yamekwisha kupelekwa kinuni, naye alisahau kuyaandika. Mlinzi hakuiba kitu. Mwandishi wa gazeti naye hakuzua uongo. Aliandika yale aliyoambiwa na karani, akayasadiki. Basi gazeti latia mistari 2 katika ukurasa wa mwisho, chini ya bei za sabuni na chumvi, kusema ya kwamba habari ya magunia ilikuwa na kosa. Jina la mlinzi halimo.

Twaulizana: je, deni limelipwa?

Ulizo hili si la waandishi wa magazeti peke yao. Kila mwenye ulimi amepata kusema jambo lisilo kweli juu ya mwenzake, pengine kwa ubaya, mara nyingi kwa haraka tu. Lakini magazeti husema mbele ya watu maelfu, na makosa yao hubaki yameandikwa. Kwa hiyo tukitazama jinsi yalivyotenda, mema na mabaya, twaweza kuona wazi lililo wajibu wetu sisi sote.

Ulizo la kwanza: Aliyekosa bila kujua, ana deni?

Wengine husema: "Mimi sikujua. Asiyejua hana hatia." Neno hilo ni nusu ya kweli. Mtu akichoma majani ya shamba lake, upepo ukavusha moto hata ukateketeza muhogo wa jirani, hatumwiti mwovu. Lakini muhogo wa jirani umeteketea vilevile, na asubuhi mwenye moto hawezi kupita pale na kusema, "Sikukusudia," kisha akaenda zake. Hatia ni jambo moja, hasara ni jambo jingine. Hatia yaweza kuwa ndogo au isiwepo, na deni la hasara likabaki.

Tena sharti tupambanue kutojua kwa namna mbili. Kuna kutojua ambako mtu hakuweza kukuondoa hata kwa juhudi. Na kuna kutojua kwa uvivu au kwa kiburi, ambapo kweli ilikuwa karibu, naye hakutaka kunyosha mkono aipate.

Mfano wa namna ya pili ni huu. Mwanzoni mwa mwaka 1920 zilienea habari za mtaalamu wa Marekani, jina lake Robert Goddard, aliyeandika ya kuwa roketi yaweza kupanda juu sana, hata kufika mwezini. Tarehe 13 Januari 1920 gazeti la New York Times lilimfanyia mzaha. Lilisema kwamba huko juu pasipo na hewa roketi haina kitu cha kusukuma, na kwamba mtaalamu huyo hajui hata mambo wanayofundishwa vijana shuleni. Kumbe asiyejua ni aliyeandika! Roketi haisukumi hewa. Yatupa moshi wake nyuma kwa nguvu, nayo yenyewe yatupwa mbele. Kila mvuvi ajua jambo hili: akiruka kutoka mtumbwini kwenda ufukoni, mtumbwi warudi nyuma. Kanuni hiyo Isaac Newton alikuwa ameiandika tangu mwaka 1687. Mwandishi angaliuliza, angalijibiwa.

Goddard aliendelea na kazi yake. Tarehe 16 Machi 1926 alirusha roketi ya kwanza yenye kutumia mafuta ya maji. Alikufa tarehe 10 Agosti 1945. Gazeti lilisahihisha neno lake tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya watu 3 kuondoka duniani katika chombo cha Apollo 11 kwenda mwezini. Lilisema kwa maneno machache ya kuwa roketi yaweza kwenda pasipo na hewa, na kwamba lajuta kwa kosa lake. Ilikuwa imepita miaka 49, na aliyechekwa alikuwa kaburini karibu miaka 24.

Hapa ndipo jibu la ulizo letu linapoonekana. Yamkini siku ile ya 1920 mwandishi hakujua. Lakini tangu saa ile mtu anapojua, kosa lake labadilika. Kosa la jana lilikuwa kutojua. Kunyamaza kwa leo ni kusudi. Aliyekosea kusema, kisha akajua, kisha akanyamaza, amelichukua kosa lile na kulifanya uongo wake mwenyewe. Ndiyo maana twasema: deni la kusahihisha huanza siku ile ile mtu anapoijua kweli, wala si siku ile dunia nzima inapoiona mwezini.

Ulizo la pili: Je, si afadhali kunyamaza ili watu wasipoteze imani?

Wako wakubwa wa magazeti wenye kuwaza hivi: "Tukikiri makosa yetu kila siku, nani atatusadiki? Heri tuache, watu watasahau." Wazo hili si la kipumbavu, maana gazeti lisilosadikiwa halina kazi tena. Na sisi pia, baba wa nyumba au mzee wa baraza, twaogopa kwamba tukikiri kosa mbele ya watoto tutapungua heshima.

Lakini mababu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Msomaji aliyeona kosa moja lililofichwa hawezi kujua ni mangapi mengine yaliyofichwa. Kuanzia hapo anayatilia shaka hata ya kweli. Msomaji aliyeona kosa likikiriwa ajua ya kwamba katika nyumba ile kuna mtu mwenye kuchunguza.

Jambo hili wapiga chapa walilifahamu tangu zamani. Tarehe 25 Septemba 1690, katika mji wa Boston, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Waingereza, Benjamin Harris alitoa gazeti la kurasa 4. Kurasa 3 zilikuwa na habari, na ya 4 aliiacha tupu ili msomaji aandike habari zake mwenyewe kabla ya kumpelekea mwenzake. Katika gazeti hilo aliahidi ya kwamba kosa kubwa likionekana, litasahihishwa katika toleo lifuatalo. Toleo lifuatalo halikutoka kamwe, maana baada ya siku 4 gavana na baraza lake walilipiga gazeti marufuku. Hata hivyo twaona ya kuwa ahadi ya kusahihisha ilikuwapo tangu toleo lile la kwanza.

Tutazame na mfano mwingine, wa uongo wa makusudi. Tarehe 28 Septemba 1980 gazeti la Washington Post, katika mji mkuu wa Marekani, lilitoa habari ya mtoto wa miaka 8 aliyekuwa akidungwa dawa ya kulevya. Watu waliingiwa na uchungu, na polisi walimtafuta mtoto huyo mji mzima wasimwone. Mwezi wa Aprili 1981 mwandishi wa habari ile alipewa tuzo ya Pulitzer, ambayo ni heshima kubwa kwa waandishi wa nchi ile. Muda kidogo baadaye alikiri: mtoto hakuwapo, alimzua. Gazeti lilirudisha tuzo. Kisha mtu aliyewekwa na gazeti lenyewe kusikiliza malalamiko ya wasomaji, Bill Green, alichunguza nyumba yake mwenyewe. Tarehe 19 Aprili 1981 alieleza katika gazeti lile lile, kwa urefu, jinsi uongo ulivyopita mikononi mwa wakubwa bila kuulizwa. Aibu ilikuwa kubwa. Lakini gazeti halikufa. Hadi leo lasomwa, na habari ya aibu ile hufundishwa kwa vijana wanaojifunza kazi ya uandishi, wapate kuwa na hadhari.

Kwa hiyo twajibu: heshima iliyosimama juu ya kosa lililofichwa ni nyumba juu ya kichuguu. Yasimama vizuri, hata siku mchwa walipomaliza kazi yao.

Ulizo la tatu: Kusahihisha kwafanywaje?

Wazee wetu walikuwa na ngoma ya mti ipelekayo habari, ile iitwayo lokole kwa Lingala. Ngoma ikitangaza ya kuwa fulani amekufa, kisha ikajulikana yu hai, haifai mpigaji aende kunong'oneza jirani mmoja tu. Sharti ngoma ipigwe tena, kutoka mahali palepale, kwa nguvu ileile, ili masikio yale yaliyosikia kosa yasikie na kweli.

Sheria za nchi nyingi zimefuata akili hiyohiyo. Nchi ya Ubelgiji, mwaka 1831, ilimpa kila mtu aliyetajwa katika gazeti haki ya kutiliwa jibu lake humo humo. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 29 Julai 1881 ilisema wazi zaidi: jibu litiwe mahali palepale na kwa herufi zilezile za habari iliyolisababisha, na gazeti la kila siku litimize jambo hilo ndani ya siku 3. Katika nchi yetu ya Kongo, sheria ya magazeti ya tarehe 22 Juni 1996, na ile iliyoshika nafasi yake tarehe 13 Machi 2023, zatambua haki ya kujibu na haki ya kudai masahihisho. Waandishi wenyewe nao, walipokutana Munich, Ujerumani, mwaka 1971, waliandika miongoni mwa wajibu zao ya kuwa habari iliyotolewa ikionekana si sahihi, lazima irekebishwe. Magazeti mengine yamemweka mtu maalum kwa kazi hiyo. The Guardian la Uingereza lilifanya hivyo mwaka 1997, likatenga mahali pa kudumu pa masahihisho, ili msomaji asiyatafute kama sindano iliyoanguka majanini.

Basi mistari ile 2 chini ya bei za sabuni si malipo. Aliyeibiwa ng'ombe harudishiwi yai. Masahihisho ya kweli yana mambo 4: yataje kosa lilikuwa nini, yataje kweli ni ipi, yatolewe upesi, yatolewe mahali ambapo wale waliosikia kosa watayasikia. Kusema tu, "Habari ya jana ilikuwa na kosa," bila kusema kosa gani, ni kufungua mlango na kuacha pazia.

Lakini hapa pana ugumu, nao tusiufiche. Tukirudia kosa ili kulisahihisha, je, hatuwaambii habari mbaya hata wale ambao hawakuisikia? Yawezekana. Kwa hiyo ni vema kumwuliza kwanza aliyekosewa. Jina ni lake. Yeye ndiye ajuaye mahali linapomwuma. Pengine atasema, "Tangazeni kila mahali." Pengine atasema, "Waambieni wale wa kijiji changu tu." Aliyekosa asijichagulie njia iliyo nyepesi kwake, kisha akaiita huruma.

Ulizo la nne: Ikiwa neno haliwezi kurudi lote?

Maji yakimwagika hayazoleki. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1948 Wamarekani walikuwa wakihesabu kura za kumchagua rais. Gazeti la Chicago Daily Tribune lilikuwa na shida, kwa sababu wapiga chapa wake walikuwa wamegoma, hivyo ilibidi kurasa zitengenezwe mapema kuliko desturi. Wakubwa wa gazeti hawakungoja hesabu. Walitangaza kwa herufi kubwa ya kwamba Dewey amemshinda Truman. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, Truman alikuwa ameshinda kwa wajumbe 303 dhidi ya 189 wa Dewey. Usiku uleule gazeti lilibadili maneno katika matoleo yaliyofuata, lakini nakala karibu 150,000 zilikuwa zimekwisha kutoka. Baada ya siku 2 Truman alisimama katika gari moshi pale St. Louis, akaliinua gazeti lile juu ya kichwa chake, akicheka, na wapiga picha wakampiga picha. Picha ile ingali yaonyeshwa hata leo. Masahihisho ya gazeti hakuna ayakumbukaye.

Truman aliweza kucheka kwa sababu alikuwa rais. Mlinzi wetu wa ghala hawezi kucheka. Mkubwa akikosewa ana sauti ya kujitetea. Mdogo hana ila jina lake. Kwa hiyo hadhari ya mwenye kusema yapaswa kuwa kubwa zaidi anapomtaja mtu asiye na nguvu. Na kwa kuwa neno halirudi lote, kungoja siku moja na kumwuliza mtuhumiwa mwenyewe ni bora kuliko masahihisho 10 ya kesho.

Je, muda ukipita sana, deni lafutika? Wengine hudhani hivyo. Solomon Northup alikuwa mtu mweusi, raia huru wa jimbo la New York. Mwaka 1841 alitekwa kwa hila akauzwa utumwani, akakaa utumwani miaka 12, hata alipofunguliwa Januari 1853. Gazeti la New York Times liliandika habari zake tarehe 20 Januari 1853, lakini liliandika jina lake vibaya, tena kwa namna 2 mbalimbali. Tarehe 4 Machi 2014, baada ya miaka 161, gazeti lilisahihisha herufi za jina lake. Mtu aweza kusema, "Herufi moja tu, na mwenye jina amekwisha kufa!" Lakini watekaji walikuwa wamemnyang'anya mtu huyo jina lake, wakamwita kwa jina jingine utumwani. Kumwandikia jina lake sawasawa si jambo dogo.

Na kuna kosa lisiloonekana kwa macho, nalo ni kunyamazia jambo lililopaswa kusemwa. Gazeti la Lexington Herald-Leader, katika jimbo la Kentucky, lilikiri tarehe 4 Julai 2004 ya kuwa magazeti yaliyolitangulia mjini humo yalikuwa yameacha kuandika habari za watu weusi waliodai haki zao katika miaka ya 1950 na 1960. Likaomba radhi kwa kuyaacha mambo hayo, kisha likatoa habari na picha za wakati ule. Wengi wa wale walioandamana walikuwa wamezeeka, wengine wamekufa. Lakini waliobaki waliona nyuso zao katika gazeti la mji wao. Malipo yaliyochelewa si sawa na malipo ya wakati wake. Hata hivyo yapita kutolipa kabisa.

Turudi sasa kwa mlinzi wa ghala.

Ninyi wakatekumeni mmefundishwa ya kuwa mwizi akitubu lazima arudishe kitu alichoiba. Majuto ya moyoni peke yake hayamrudishii mwenye mbuzi mbuzi wake. Na jina la mtu lapita mbuzi. Kwa hiyo gazeti lile lingefanya nini? Lingeandika katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi zile zile nene: mlinzi fulani hakuiba, magunia yalikuwa kinuni, karani alisahau kuandika, nasi hatukumwuliza mlinzi kabla ya kumtaja, twamwomba radhi yeye na nyumba yake. Na yule aliyesoma barazani angechukua gazeti jipya, asimame mahali palepale, aite watu walewale, asome kwa sauti ileile.

Maana tusisahau: gazeti lilipiga chapa mara moja, lakini kijijini ni sisi tuliorudia. Leo habari huja kwa redio na kwa simu ya mkononi, na kidole kimoja chaweza kuzituma kwa watu 100 kabla ya maji ya ugali kuchemka. Mwenye kutuma habari amekuwa mpiga ngoma. Akipata kujua ya kuwa ilikuwa kosa, haitoshi kuifuta katika simu yake. Awatumie kweli wale wale aliowatumia kosa, mmoja mmoja, ingawa uso wamwona haya.

Kuteleza si kuanguka. Kila asemaye atateleza siku moja. Bali aliyeteleza akamwangukia mwenzake na kumwangusha, asisimame peke yake akajipangusa vumbi. Amshike mkono mwenzake kwanza.

Nawe msomaji, kabla hujalala leo, fikiri: ni nani kijijini kwako ambaye jina lake bado liko katika ukurasa wa mwisho, chini ya bei za sabuni, nawe ndiwe uliyelipeleka huko?